Kijisanduku cha cheche kinavyoshusha bei ya magari ya zamani

Na Mwandishi Wetu

Katika soko la magari ya zamani hakuna maneno yanayoshusha bei upesi kuliko haya: "linazimika likipata moto". Muuzaji akiyatamka, wanunuzi wengi huaga na kwenda zao. Anayebaki huomba apunguziwe bei kwa kiasi kisicholingana kabisa na ubovu wenyewe, na muuzaji aliyechoka kukokotwa barabarani hukubali.

Mara nyingi chanzo cha maneno hayo ni kijisanduku cha elektroniki kisichozidi kiganja cha mkono. Kazi yake ni kukata na kurudisha umeme wa koili ili plagi zipate cheche, na mafundi hukiita moduli. Kwa magari mengi ya Marekani yaliyotengenezwa kati ya katikati ya miaka ya 1970 na katikati ya miaka ya 1990, moduli mpya hupatikana kwa fedha zisizofika bei ya tairi moja zuri. Tofauti kati ya punguzo analopewa mnunuzi na gharama halisi ya matengenezo ndiyo faida yake.

Hata hivyo, tofauti hiyo hiyo imekula mitaji ya wengi wanaonunua kwa kubahatisha. Dalili za moduli mbovu hufanana sana na dalili za pampu ya mafuta iliyochoka, waya uliokatika ndani ya ganda lake, au kifaa kingine kilichofichwa ndani ya distributa. Mtu hununua moduli ya kwanza, gari linazimika. Hununua ya pili, gari linazimika tena. Mwisho huliuza kwa hasara kwa mtu mwenye mita ya kupimia umeme.

Platini zilivyoondoka

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 karibu kila gari la petroli lilitumia platini, yaani vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ndani ya distributa kadiri injini inavyozunguka. Platini ni rahisi, na fundi wa chini ya mwembe anaweza kuzisafisha kwa msasa na gari likaondoka. Ubaya wake ni kwamba huchakaa kila siku. Zikichakaa, wakati wa cheche husogea, petroli huungua vibaya na moshi huongezeka.

Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1970 ilipoanza kubana moshi wa magari, viwanda vilitafuta mfumo usiobadilika kadiri gari linavyotembea. Chrysler iliweka cheche za elektroniki katika magari yake yote ya mwaka 1973. General Motors ilifuata na mfumo wake wa HEI, uliokuwa wa kawaida kwa magari yake ya 1975. Ford ilikuwa na Duraspark katika miaka ya 1970, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikaingiza mfumo ulioitwa TFI.

Kwa jicho la mhasibu, hapo gharama zilibadilika tabia. Platini huugua polepole na kumpa mwenye gari muda wa kupanga matumizi. Moduli hufanya kazi miaka kumi bila kuguswa, halafu siku moja ikakata kauli katikati ya mzunguko wa barabara. Ndani yake kuna transista inayobeba mkondo mkubwa wa koili, na mkondo huo huzaa joto. Joto likikosa pa kwenda, viungo vidogo vya ndani hutanuka, huachia na moduli hukata. Ikipoa, hushikana tena. Ndiyo maana gari lililokataa katakata huwaka vizuri baada ya nusu saa, na mwenye gari hujidanganya kwamba limepona.

Ford mahakamani

Mfano mkubwa kuliko yote unahusu kampuni ya Ford. Katika mamilioni ya magari ya kuanzia 1983 hadi 1995, moduli ya TFI ilifungwa ubavuni mwa distributa, na distributa imesimama juu ya injini. Joto la injini lilipanda moja kwa moja hadi kwenye moduli, ambayo tayari ilikuwa na joto lake yenyewe.

Wenye magari wa California walifungua kesi ya pamoja katika Kaunti ya Alameda, wakidai kwamba magari yao yalizimika ghafla yakiwa barabarani na kwamba kampuni ilijua. Mwaka 2000 Jaji Michael Ballachey aliona kwamba Ford ilificha kasoro hiyo, akaamuru magari yaliyohusika katika jimbo hilo yaitwe kufanyiwa matengenezo. Idadi ya magari ilitajwa kuwa kati ya milioni moja na mbili. Ilielezwa wakati huo kuwa ni mara ya kwanza kwa jaji wa Marekani kutoa amri ya namna hiyo. Mwaka 2001 pande mbili zilimaliza kesi kwa makubaliano. Kampuni haikukiri kosa, lakini ilikubali kuwarudishia gharama wateja waliokuwa wamebadilisha moduli.

Mwanahisa mdogo anaposoma taarifa ya mwaka ya kampuni ya magari huangalia mauzo, madeni na gawio. Si rahisi akaangalia mahali ilipofungwa moduli. Lakini hapa mahali penyewe ndipo palipokuwa deni, lililokaa miaka kadhaa bila kuandikwa kwenye mizania. Inafaa pia kutaja kwamba Ford yenyewe ilikuja kuihamisha: katika Mustang ya 1994 na 1995 moduli ilitolewa kwenye distributa ikafungwa pembeni, kwenye bati la tairi, juu ya kipande cha alumini cha kumwaga joto.

Waingereza walipitia njia hiyo hiyo. Lucas ilitengeneza mfumo wa OPUS kwa ajili ya Jaguar E-Type ya silinda 12 ya mwaka 1971, na kisanduku chake kikakaa katikati ya injini, kwenye bonde baina ya safu mbili za silinda. Ukitaka kuchemsha chai ungeweka birika hapo hapo. Wenye magari hayo walianza kukihamishia mbele penye upepo, na wengi bado hufanya hivyo. Land Rover nayo, katika injini zake za V8, ilifunga moduli ubavuni mwa distributa kama Ford, na katika magari ya baadaye ikaihamishia karibu na koili.

Hapa ndipo habari hii inapomgusa msomaji wa Nairobi, Arusha au Dar es Salaam. Range Rover za zamani na Discovery za V8 bado zinaonekana katika barabara zetu, nyingine zikiwa zimeegeshwa miaka kwa sababu ya "umeme" ambao fundi wa kwanza na wa pili hawakuupata. Kwa kuwa kanuni ya kawaida ya Kenya hairuhusu kuingiza magari ya mtumba yenye umri unaozidi miaka 8, gari la aina hiyo lililokwisha kuwapo nchini haliwezi kufuatwa na meli nzima ya wenzake. Bidhaa isiyoongezeka, ikipata mtu wa kuitengeneza, bei yake haikai chini milele.

Kabla ya kutoa pesa

Mnunuzi makini hakubali kulijaribu gari likiwa baridi. Moduli mbovu ikiwa baridi hufanya kazi kama mpya, na safari ya dakika 10 kuzunguka mtaa haithibitishi chochote. Omba saa nzima. Endesha, ingia kwenye foleni, kisha zima injini uliache gari limefunikwa boneti kwa dakika 15 halafu uwashe tena. Joto chini ya boneti hupanda zaidi injini inapozimwa, kwa sababu maji na feni vimesimama. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kukupa jibu.

Gari likizimika, usikimbilie kulaani. Kama lina mita ya mizunguko ya injini, tazama mshale wake wakati huo huo. Mshale ukidondoka ghafla hadi sifuri wakati gari bado linaserereka likiwa kwenye gia, umeme wa koili umekatika. Mshale ukishuka taratibu pamoja na injini, elekeza macho kwenye mafuta.

Kisha pima cheche kabla injini haijapoa. Kipimo cha cheche ni kifaa cha bei ndogo kinachofungwa mwisho wa waya wa plagi, na ni salama kuliko kushika waya kwa mkono, kwani mifumo hii hutoa nguvu kubwa kuliko ya platini na imewarusha mafundi wengi. Cheche za buluu zenye nguvu zikitoka, moduli haina kosa. Rudi kwenye pampu, chujio na bomba la petroli linalopita karibu na moto. Cheche zisipotoka kabisa, tatizo ni la mfumo wa cheche, lakini bado hujawa na ushahidi dhidi ya moduli.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Moduli haiamui yenyewe lini ikate umeme. Huletewa ishara kutoka ndani ya distributa. Katika HEI ya General Motors ishara hutoka kwenye koili ndogo ya sumaku, na nyaya zake mbili hupindwa-pindwa kila mara sahani yake inapovutwa na kifaa cha vakyumu. Baada ya miaka mingi uzi wa shaba hukatika ndani ya ganda ambalo kwa nje ni zima. Pima koili hiyo kwa mita: inatakiwa kusoma kati ya omu 500 na 1,500, na isomeke hivyo hivyo unapozitikisa nyaya. Mshale ukirukaruka, umempata mwizi. Wala waya wowote kati ya hizo mbili haupaswi kuwa na njia ya umeme kwenda kwenye bodi ya distributa.

Kwa Ford yenye TFI, kinacholeta ishara ni kihisi kiitwacho PIP, kilichofichwa chini ndani ya distributa, nacho hufa kwa joto kama moduli ilivyo. Wapo waliobadilisha moduli mara tatu huku kihisi kikiendelea kuwacheka. Ukiweka kitambaa chenye maji yaliyokamuliwa juu ya moduli na cheche zikarudi baada ya dakika chache, umekaribia ukweli, lakini kumbuka kwamba vitu hivyo viwili vinakaa nyumba moja.

Jambo la tatu ni umeme unaoingia. Swichi ikiwa imefunguliwa, mlango wa HEI ulioandikwa BAT unapaswa kuwa na volti zote 12 za betri. Magari mengi ya Chevrolet ya miaka ya 1960 yamebadilishwa na wenyewe kutoka platini kwenda HEI, na fundi akaacha ule waya wa zamani wenye rezista uliokuwa ukipunguza umeme kwa ajili ya platini. Gari huwaka, huenda, lakini hukosa nguvu likikimbia. Mwenye gari hununua moduli, koili na kabureta, wakati dawa ilikuwa ni waya mmoja wa dola chache.

Maduka makubwa ya vipuri Marekani yamezoea kumpimia mteja moduli bila malipo. Huduma hiyo ni nzuri, ila ina tundu: moduli iliyobebwa mkononi hadi dukani imekwisha poa. Mwenye akili huomba ipimwe mara tano au sita mfululizo hadi ishike moto. Inayofaulu mara ya kwanza na kufeli mara ya sita ndiyo iliyolizima gari.

Rahisi na ghali

Moduli za TFI za bei nafuu huuzwa Marekani kwa chini ya dola 30. Zile zenye jina la Motorcraft, yaani chapa ya Ford yenyewe, zikiwa hazijafunguliwa kwenye boksi lake la zamani, huenda mara kadhaa ya hapo. Kwa mwanafunzi wa biashara hilo ni swali jepesi la bei, lakini hesabu haiishii dukani. Wauzaji wengi wa zile za bei nafuu hutoa "dhamana ya maisha", na dhamana hiyo ni ya kweli: ukirudi na iliyokufa unapewa nyingine bure. Isichokilipa ni gari la kukokota, nusu siku ya kazi iliyopotea, na mnunuzi aliyekuwa njiani kuja kuliona gari. Kwa maoni yetu dhamana ya namna hiyo ni njia ya kumfanya mteja awe mpimaji wa kiwanda bila mshahara.

Anayenunua kwa Ford ahakikishe pia rangi. Ipo moduli ya kijivu na ipo nyeusi, iliyokuja baadaye. Zinafanana umbo na hufunga palepale, lakini hazifanyi kazi kwa namna moja na haifai kuziingiliza. Kinachoamua ni mfumo wa gari lenyewe. Kwa General Motors hesabu pini: ya pini nne ndiyo ya kawaida isiyotegemea kompyuta, na zenye pini nyingi zaidi ni za magari yenye kompyuta.

Kwa mwenye duka la vipuri mwenye mtaji mdogo, ile ya pini nne ni mali nzuri ya kuweka rafuni. Inaingia katika Chevrolet, Pontiac, Buick, Oldsmobile na Cadillac nyingi, na hata Jaguar za silinda 12 za miaka ya 1980 zenye kisanduku cha Lucas zina moduli ya jamii hiyo hiyo ndani yake. Wengi wenye Jaguar hufungua kisanduku, hutoa ya zamani na kuweka ya General Motors, badala ya kununua kisanduku kizima kwa bei ya Jaguar. Haiozi, na haichukui nafasi.

Kazi ya kufunga

Kubadilisha moduli ya HEI ni kazi ya skrubu mbili na dakika 20. Kinachoharibu kazi hiyo ni haraka. Chini ya moduli kuna bamba la chuma ambalo ndilo njia ya joto kutoka, na pia njia ya umeme kwenda kwenye bodi ya distributa. Pasafishwe hadi pang'ae, kisha papakwe yale mafuta mazito ya kupitisha joto yanayokuja ndani ya boksi. Grisi ya beringi haifai kabisa. Moduli iliyofungwa pakavu inaweza kufa ndani ya wiki chache, na lawama zote zikaenda kwa kiwanda.

TFI ya Ford inataka soketi nyembamba ya milimita 5.5, kwa sababu skrubu zake zimezama. Baadhi ya mafundi huona afadhali kung'oa distributa nzima. Wakifanya hivyo waweke alama mahali rota inapoelekea, na baada ya kurudisha wapange upya wakati wa cheche, wakiwa wamechomoa kiunganishi kidogo kiitwacho SPOUT, ambacho bila kuchomolewa kompyuta huingilia kipimo.

Baada ya hapo jiulize nini kilichoiua ile ya kwanza. Koili isiyo ya aina yake, inayonywa umeme kupita kiasi, huichosha moduli. Nyaya za plagi zilizokauka, plagi zenye mwanya uliopanuka, na waya wa ethi uliolegea huongeza mzigo. Betri ikiunganishwa kinyume wakati wa kuazimana umeme, moduli huenda papo hapo. Na kama imefungwa juu ya moto, kuihamisha pembeni kwenye kipande kinene cha alumini ni uwekezaji ambao viwanda vyenyewe vilikuja kuukubali.

Kwa upande wa magari ambayo bado yanatumia platini, vipo vifaa kama Pertronix vinavyoingia ndani ya distributa ya zamani bila kuonekana kwa nje. Ni vizuri kwa anayeendesha kila siku. Toleo lake la kwanza lina udhaifu mmoja: ukiacha swichi wazi huku injini imezimwa, kwa mfano ukisikiliza redio, linaweza kuungua. Wanaouza katika minada ya magari ya kale wahifadhi platini za asili kwenye mfuko ndani ya buti, kwani mnunuzi anayetaka gari kama lilivyotoka kiwandani atazidai, na asipozipata atakata bei.

Wenye Ford za miaka hiyo wamejenga desturi ya kubeba moduli moja ya akiba pamoja na ile soketi ya milimita 5.5 katika kisanduku cha dashibodi. Bei ya gari inapojadiliwa, vitu hivyo viwili huhesabiwa upande wa muuzaji, pamoja na jeki na tairi la akiba.